Siku Kumi na Moja Ugogo na Mfuko wa Spana

Nimekawia kuandika. Tulirudi Voi tarehe 22 Agosti 2024, na daftari langu la safari lilirudi na madoa ya grisi hata kurasa nyingine hazisomeki. Palipofutika nimejaza kwa picha za Mhazini, mtu anayepiga picha hata risiti ya choo cha kulipia.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi. Nilianza na baiskeli kando ya barabara, na baada ya mafunzo mafupi nikaingia kwenye viti vya magurudumu. Parokia yetu ina urafiki wa miaka na parokia moja ya kijijini katika Wilaya ya Chamwino, nje ya jiji la Dodoma, Tanzania, nchi ya Wagogo. Wafadhili waliwahi kupeleka viti huko. Mwaka jana Mwinjilisti wa kule alituandikia kwamba vingi vimekufa, kimoja kuku wanatagia. Tukapangwa wanne: Mchungaji, Mhazini, dada fundi cherehani wa kushona mito ya kukalia, na mimi. Kanisani tulitundika bango la harambee: "Upendo usio na masharti." Herufi za bango hilo nilizichora mimi kwa mkono wangu, na nalitaja mapema kwa sababu litanirudia mbele.

Jumatatu 12 Agosti. Voi, Taveta, Holili, Moshi

Matatu ya Taveta saa moja asubuhi. Nauli shilingi 500 kila mmoja, na 800 za mizigo baada ya makanga kuinua sanduku la zana na kuniuliza kama nimefungia mtu ndani. Tulikuwa na magunia mawili ya vipuri, sanduku hilo, roli la sponji, na kiti kimoja kizima kilichofungwa kamba, tulichokiita kiti cha akiba. Lami ni safi mwendo wote. Tembo hatukuwaona, ila kinyesi chao kilikuwa katikati ya barabara, bado kinatoa moshi.

Mpakani tulichelewa saa mbili na nusu, na kosa lilikuwa letu. Vipuri vilivyotumika si nguo za begini. Vinatakiwa orodha, na sisi hatukuwa na orodha. Tukakaa chini kwenye sakafu tukaanza kuhesabu: beringi 40, tyubu 24, spoki 200, nati zisizohesabika. Dada mmoja karani wa mawakala wa forodha alitupita mara mbili, mara ya tatu akatuletea kalamu na karatasi ya kaboni. "Andikeni nakala tatu, kaka, msije mkarudishwa." Mhazini akatoa noti. Karani akaikunja, akairudisha kwenye kiganja cha Mhazini, akaenda zake.

Kwa mtakaopita: kitambulisho cha Kenya peke yake hakitoshi kuingia Tanzania, beba pasipoti au hati ya muda. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano wanaiuliza. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani, kwao ilipigwa marufuku 2019 kama kwetu 2017. Ukienda kufanya kazi yoyote, hata ya kujitolea, ya kanisa, uliza habari za kibali kabla ya kufunga mizigo, na uwe na barua ya mwaliko yenye mhuri wa wenyeji wako. Yetu ilisomwa mara tatu. Shilingi 100 za Kenya zilitupa 2,000 na ushee za Tanzania.

Moshi tulilala. Jioni nilipita hospitali ya KCMC, kwenye chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981. Mwalimu wangu wa zamani alinipa magurudumu manane ya mbele, mapana, ya mpira mzito. Akaniuliza tunakwenda kugawa viti vingapi. Nikamwambia hatugawi, tunatengeneza. Akasema hiyo ndiyo habari njema ya kwanza aliyoisikia wiki hiyo.

Jumanne 13 Agosti. Moshi hadi njiani

Basi saa kumi na mbili asubuhi. Arusha, Makuyuni, Babati. Wali na maharage Babati, 4,000. Hadi hapo sina la kusema ila kwamba Dada Cherehani alilala kwa namna ambayo kichwa chake kiligonga kioo kilomita 150 bila yeye kujua.

Baada ya Kondoa, giza likiwa linaingia, tairi la nyuma likaanza kulia kama jiwe la kusagia. Dereva akasimamisha, akashuka, akagusa, akautoa mkono haraka. Beringi imekwisha. Ndani ya buti nilikuwa na beringi 40 na hakuna hata moja iliyotosha. Abiria waliposikia nina gunia la beringi walinitazama kama mtu anayeficha chakula wakati wa njaa.

Palikuwa na nyumba moja mita mia kutoka barabarani. Akatoka mzee wa kanzu na kofia, akauliza tuko wangapi, akarudi ndani. Nikadhani ndiyo imetoka hiyo. Baada ya muda wakaja watoto na mikeka, nyuma yao ndoo ya maji na kata, nyuma yake mama na sufuria ya chai ya tangawizi ambayo sijui ilipatikanaje kwa watu arobaini. Vikombe vilikuwa sita. Tukanywa kwa zamu, wagonjwa na wenye watoto kwanza, yeye mwenyewe akisimamia foleni. Mchungaji wetu akamfuata kando kumlipa, akajitambulisha na kanisa lake na kazi tuliyoiendea.

"Mchungaji," mzee akasema, "gari ndilo limekuletea kwangu. Mimi ningekuulizaje pesa?"

Akaenda kuswali Isha. Beringi ililetwa na pikipiki saa sita usiku.

Jumatano 14 Agosti. Dodoma

Tuliingia saa kumi alfajiri tukakuta baridi. Wengi hudhani Dodoma ni joto tu. Agosti asubuhi unahitaji sweta, na upepo wake unapeperusha vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Gesti 20,000 kwa chumba, maji ya moto kwa ndoo.

Siku ilikuwa ya kununua. Tulitembea Majengo na Sabasaba tukitafuta tyubu. Muuzaji aliponisikia nikisema "kiti cha magurudumu" akafikiri nataka kiti cha ofisini. Huku husema kiti mwendo, au baiskeli ya mlemavu kama ni ile ya kupigwa pedeli kwa mikono. Tena Mhazini aliingia mgahawani na Kiswahili chetu cha "nipe chai," yule binti akasimama na birika mkononi akisubiri neno lililobaki. Semeni "naomba". Halina gharama.

Fundi wa pikipiki mmoja alipochungulia mzigo wetu alicheka tyubu zangu mpya. Akaniambia miiba ya migunga ya Ugogo itazimaliza kabla sijafika Voi. Yeye hukata tairi kuukuu la gari kuwa ukanda, akauzungushia ndani ya tairi la baiskeli kabla ya tyubu. Akanionyesha, akanikatia kanda kumi na mbili, akanitoza bei ya mipira tu, 6,000. Kwa mafundi wenzangu: kiti chochote unachoweza, kigeuze kitumie beringi namba 6202, tundu la milimita 15. Zipo kwa kila fundi wa pikipiki. Beringi za inchi zilizokuja na viti vya ng'ambo hazipatikani, na hapo ndipo viti vingi hufia.

Jioni tulipita Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu. Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika ilianza 1927, askofu wake wa kwanza George Chambers kutoka Australia. Kumbe hawa wamekuwa wakipokea wageni wenye mizigo kama yetu karibu miaka mia. Nilijiuliza wamewahi kutusemaje tukishaondoka.

Zabibu ziko msimu. Kilo 3,000, na ukizila bila kuosha utatafuna vumbi la jiji zima.

Alhamisi 15 Agosti. Kwenda kijijini

Noah ya kubana, watu kumi na moja, 4,000 kila mtu na 10,000 za mizigo. Upande wa Mvumi, penye hospitali ya dayosisi, barabara ni changarawe na mchanga wa makorongo. Mibuyu haikuwa na jani hata moja. Mito yote ni mchanga mkavu, na ndani ya mchanga wanawake wamechimba visima, wanachota kwa kopo na kusubiri maji yajikusanye tena. Mvua za huku huanza Desemba na kuisha Aprili. Miezi iliyobaki ni hesabu za ndoo.

Mwinjilisti alitupokea kwa "Mbukwenyi!" nasi tukaitikia vibaya, watoto wakafurahi. Tulipangwa kwa Bibi mmoja mjane, mwanakwaya mstaafu, ambaye bado ana tembe, nyumba ya kale ya paa bapa la udongo, pembeni ya chumba cha bati alichojengewa na wanawe. Tembe ndilo alilotupa. "La bati usiku ni friji," alisema.

Chakula: ugali wa uwele, mlenda uliokaushwa na kupikwa kwa karanga. Ugali wa uwele ni wa kijivujivu, mzito, na una ladha ya moshi mtamu. Mlenda una ufundi wake, usipokata kwa mkono haraka unakufuata mpaka shatini. Mchungaji alifuatwa.

Nilikuwa nimeonywa mpakani, Moshi, na hata Dodoma kwa utani ule ule wa siku zote kuhusu Wagogo na kuomba. Niliyeomba siku ile ni mimi: maji ya kuoga, kamba, kibatari, na mlenda mara ya pili.

Ijumaa 16 na Jumamosi 17 Agosti. Kazini

Chini ya mkwaju wa kanisa viliwekwa viti kumi na vinne. Nikavipitia kimoja kimoja kama daktari wa wodi. Karibu vyote ni vya aina ya hospitali, vilivyotengenezwa visukumwe juu ya saruji. Magurudumu yake ya mbele ni madogo kama kopo la rangi. Yakiingia kwenye mchanga wa Dodoma yanazama, na aliyekaa anatangulia kwa uso. Vitano vilikuwa vya kuchinja tu ili vipate kuponya vingine. Mwinjilisti alikuwa na kijana mchomeleaji na jenereta ya kukodi, 25,000 kwa siku na mafuta juu yetu. Tukakata, tukarefusha, tukafunga yale magurudumu mapana ya Moshi.

Wa kwanza kupimwa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, wa darasa la sita. Upana wa nyonga zake sentimita 27. Kiti alichokuwa nacho, sentimita 46. Kwa miaka mitatu alikuwa akiegemea upande mmoja asianguke, na uti wa mgongo umeanza kufuata huko alikoegemea. Kiti kilitolewa kwa moyo mweupe, na hakuna aliyekuwa amempima nyonga kwa futi. Tulimpunguzia kimoja kikawa chake. Alipokaa aliangalia mikono yake kwanza, kwa sababu kwa mara ya kwanza ilikuwa haijashika chochote.

Mto wa kukalia ndio kazi yenyewe, watu hawajui. Asiyehisi miguu wala makalio haambiwi na mwili wake kwamba anaumia. Kidonda kinachimba mpaka mfupani na kinaua. Mtu akishakaa, unapenyeza vidole chini ya ule mfupa wa kukalia. Ukiweza kuchezesha ncha ya kidole juu na chini kama nusu sentimita, salama. Kidole kikikaa tu ila kinatoka bila taabu, jihadhari. Kikibanwa, rudisha mto kwa fundi. Dada Cherehani alirudishiwa mto mmoja mara nne, mara ya nne akauliza kama vidole vyangu vimenona.

Shida ya Mhazini ilikuwa fomu. Wachangiaji wetu wakubwa walimpa fomu ya kila mnufaika: jina, picha kabla, picha baada, na chini kabisa, "Je, mnufaika ameokoka?" Ijumaa alijaza nne. Jumamosi akafika kwa mama mmoja wa hijabu aliyeleta kiti cha mwanawe, na kalamu ikasimama. Mama Mchungaji wa kijiji alipita na sinia la miwa, akachungulia fomu, akamwambia, "Mwanangu, hapa viti tumevihesabu kwa nyumba. Hatujavihesabu kwa madhehebu." Fomu ya yule mama ilibaki na nafasi.

Mchana wa Jumamosi nilisikia kitu kinapiga ardhi, kwap, kwap, kama mtu anayefua. Alikuwa baba wa miaka arobaini na kitu, miguu yote imekatwa juu ya magoti, amevaa kandambili mikononi na kipande cha tairi chini ya makalio. Akaja mpaka kwenye kivuli, akanisalimu vizuri, akaanza kutazama kazi. Harufu ya pombe ya mtama ilikuwa imemtangulia. Nilipokuwa nakaza gurudumu akasema, "Hilo la kushoto linayumba, fundi." Nikaangalia. Lilikuwa linayumba.

Nikamuuliza Mwinjilisti mbona huyu hayumo kwenye orodha. Mwinjilisti akanionyesha: alikuwemo, amekatwa kwa mstari. Alipewa kiti, akakiuza. Yeye mwenyewe hakuona haya kunieleza.

"Nilikinywa," alisema. "Magurudumu ya nyuma yalinitosha wiki mbili. Ya mbele, siku nne."

Ya nyuma niliyaona jioni ile kwenye mkokoteni wa maji, yanazunguka vizuri kuliko viti vyote kumi na vinne.

Jumapili 18 Agosti

Ibada ilichukua saa nne na nusu, nami sikuchoka. Wanawake walipiga muheme ndani ya kanisa, ngoma zimebanwa mapajani, na wimbo wenyewe unapanda kwa sauti nne bila kinanda. Baada ya sadaka ukaja mnada: mayai, debe la mtama, boga, jogoo. Tulishindania jogoo kwa heshima ya Kenya, tukashindwa kwa 18,000 na mzee wa nyuma. Akampokea jogoo wake, akatembea hadi kwenye benchi letu, akamweka miguuni pa Mchungaji. Nikitoa ushauri kwa wageni: nendeni na noti ndogondogo, na msishangilie mkishinda, wenyeji wanajua jogoo atalala wapi.

Usiku ndipo tulipogombana. Tisa vilikuwa vimepona na vyote vina wenyewe. Kiti cha akiba kilikuwa kimekusudiwa yule msichana, lakini kilikuwa kipana mno kwake. Kikabaki. Kila mtu alikuwa anajua kinamtosha nani.

Mchungaji akasema tuombe kwanza. Mhazini akasema wachangiaji wakisikia tumempa aliyeuza cha kwanza, mwakani tusahau. Dada akasema apewe, kisha akasema hajui. Aliyesema hapana kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Nikasema kiti kile nimekisuka spoki moja moja kwa usiku saba, na sijasuka ili mtu anywe. Nikasema upendo si ujinga. Nikasema na mengine, moto ulikuwa unawaka vizuri.

Bibi alikuwa anabangua karanga, hakuinua uso. Akauliza, "Mkirudi nacho Voi, kitakaliwa na nani?"

Kimya. Nikafikiria mpaka, orodha nakala tatu, na kile kiti kikirudi mgongoni mwangu kwa jina la Yesu.

"Na mkimpa akauza," akaendelea, "mtakuwa mmepungukiwa nini ambacho hamjakitoa tayari?"

Akamwaga karanga kwenye ungo akaenda kulala. Kabla ya kulala mimi nilichana karatasi ya daftari nikaandika mkataba: fulani anaahidi kutouza, kutokodisha, kutoweka rehani, shahidi Mwinjilisti. Niliuandika vizuri, kwa wino.

Jumatatu 19 Agosti

Alikuja saa mbili, hajanywa, au amekunywa kidogo. Tukamwinua mimi na Mwinjilisti. Ni mzito kuliko nilivyotegemea, mabega ya mtu aliyetembelea mikono miaka tisa. Viganja vyake vina ngozi nene kama tairi, na katikati ya kila kiganja kuna mfereji mweusi ulioachwa na ukanda wa kandambili.

Kabla sijatoa futi akaniuliza, "Sharti gani?"

Karatasi ilikuwa mfuko wa shati. Lakini vidole vyangu vilikuwa tayari viko chini yake, natafuta mfupa wa kushoto, na nilipougusa nikahisi unyevu. Nikavitoa. Kidonda, kikubwa kama sarafu, kingo zake nyeupe. Hakuwa anajua, sehemu ile haihisi vizuri tangu lori la mkaa lilipomwangukia. Nikamwita Dada. Tulitumia asubuhi nzima kwenye mto ule: sponji tabaka mbili, shimo upande wa kushoto, kipimo, rudisha, kipimo. Mama Mchungaji akakisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, akiwa amepiga magoti mchangani na kumkaripia kwa Kigogo mfululizo, sauti ile ile anayomkaripia mumewe. Wakapanga apelekwe hospitali Alhamisi. Bibi naye akaja na bakuli la uji, akampa yeye kabla yetu.

Ilipofika saa saba kidole changu kikacheza nusu sentimita pande zote mbili. Swali lake lilikuwa limepita muda, na mimi nilikuwa na njaa.

Mhazini akainua simu kupiga picha. "Ngoja," yule baba akasema, "nivae shati." Mwinjilisti akavua lake. Akalifunga vifungo vyote hadi cha shingoni, akajitengeneza, akatazama kamera kama mtu wa kitambulisho. Ni picha nzuri kuliko zote za safari. Nilichungulia fomu. Kwenye swali la mwisho Mhazini ameandika: "Hajaulizwa."

Jumanne 20 hadi Alhamisi 22 Agosti. Kurudi

Zana nyingi tulimwachia kijana mchomeleaji pamoja na kanda za tairi na beringi 26. Bibi alitufungia karanga na ubuyu. Dodoma tuling'ang'ania tiketi za treni mpya ya umeme, iliyoanza safari za Dodoma mwishoni mwa Julai. 31,000 hadi Dar, kama saa nne hivi. Kateni mapema, na mfike na kitambulisho na mzigo mwepesi. Mchungaji aliyelala njia nzima ya kwenda hakufumba jicho. Nilipokuwa natafuta tiketi karibu na Morogoro nilitoa mkataba wangu, bado umekunjwa. Dar, Tanga, Horohoro, Mombasa, Voi: mabasi, vumbi, mihogo.

Gharama ya kila mmoja wetu bila vipuri ilikuwa kama shilingi 16,500 za Kenya, nauli, kulala na kula, na jogoo hayumo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 kuhusu viti hivi una hatua nane, na ya nane ni ufuatiliaji, ambayo sisi wa makanisa huifanya kwa kusoma barua za shukrani. Kwa hiyo nilimwomba Mwinjilisti anitumie picha za viti vyote kila mwezi, picha za viti, si za nyuso. Wiki ya tatu ikaja ya kwanza. Kilabu cha pombe, mchana, benchi la wazee. Kando ya benchi kiti changu, mwenyewe yuko juu yake, shati la Mwinjilisti bado hajarudisha, ameshika kopo, na mapajani ana ndoo ya maji ya mtu. Chini yake Mwinjilisti ameandika: "Fundi, hajauza bado."

Nilivuta picha ikawa kubwa. Gurudumu la mbele la kushoto limeinama, na mahali pa boliti mtu ameweka msumari. Ni boliti ya milimita nane. Nimenunua mbili na nati zake za kujibana, ziko juu ya meza, nasubiri anayeelekea Dodoma.